Wamekufa Wawili, Bado Mmoja

Jumanne, 9 Julai
Nimetuma habari ya vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mhariri kaikata nusu, kama kawaida. Chai kwa Mama Bhoke, ambaye nimepanga chumba kwake tangu rashi ya watu kukimbilia dhahabu ianze huku Tarime.

Mtendaji wa kata alinikuta nakunywa. Anataka nichezeshe mechi Jumamosi: vijana wa huku na vijana wa ng'ambo ya mto. Koo mbili, duara moja, yaani shimo la dhahabu. Masika yaliyopita walipigana mdomoni mwa duara hilo. Kaka yake Mama Bhoke alikufa kwa mshale. Sasa wamekubaliana kuchimba kwa zamu. Makubaliano ya mdomo tu.

Mchezo ni besiboli. Shule ya sekondari ina vifaa alivyoacha mwalimu wa kujitolea. "Mpira wa miguu huku unaishia kwa mawe," alisema mtendaji. "Huu hakuna aliyewahi kumfunga mwenzake." Mimi ni Mjita, sina ukoo hapa, na niliwahi kuuripoti mchezo huo mjini. Nimekubali.

Mama Bhoke hakufurahi. Marwa, mwanawe, anacheza.

Alhamisi, 11 Julai
Mazoezi. Kila upande na saa yake. Vituo ni viroba vya mchanga.

Nimewaeleza hivi. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, ndipo inaupisha upande wa pili. Mpigaji akikosa mipira mitatu mizuri, auti. Mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, auti. Ukianguka, lakini ukamtangulia kufika kituo cha kwanza, auti. Akiguswa nao akiwa katikati ya vituo, auti. Watatu wakitimia, hata aliyekwisha kufika kituo cha tatu safari yake haihesabiwi.

Neno auti halikushika. Marwa: "Mzee, sema amekufa. Kama kwenye mchezo wa rede." Wakacheka. Wa ng'ambo walisema hivyo hivyo bila kuambiwa. Basi, amekufa.

Ijumaa, 12 Julai
Naogopa. Nimeona mapigano mengi, nikiwa pembeni, na kalamu. Safari hii kipaza sauti cha kutangazia mechi nitakishika mimi.

Dukani mapanga yameisha. Muuzaji anasema ni ya kufyekea. Huu si msimu wa kufyeka.

Mama Bhoke aliniuliza kama Marwa atarudi. Nilisema sijui. Alinigeuzia mgongo.

Jumamosi, 13 Julai
Nimerudi hai. Niandike kwa mpangilio.

Wa huku walianza kupiga. Marwa aliupeleka mpira juu sana. Chacha, nahodha wa ng'ambo, akaudaka kwa glavu. Nikatangaza: "Marwa amekufa!" Wa pili alikosa mara tatu. Nikatangaza: "Wamekufa wawili, bado mmoja!" Kipaza sauti kile kina nguvu. Bodaboda aliyesimama barabarani aligeuza pikipiki, akaelekea machimboni kwa kasi. Nilimwona. Sikuelewa.

Kisha karasha zikanyamaza. Zote. Mchana hazinyamazi. Hapo nikaelewa. Bodaboda alikuwa amepeleka msiba.

Watu wa huku walipanda kilima hadi uwanjani na mapanga. Mama Bhoke mbele, pekupeku, akiliita jina moja tu. Wazee wa ng'ambo wakainuka. Kumbe pinde zilikuwa nyasini. Nilisema kwenye kipaza sauti: "Hakuna aliyekufa!" Hakuna aliyeamini. Ndivyo asemavyo aliyeua.

Nikasema: "Marwa, inuka, nenda kwa mama yako." Aliinuka kwenye gogo la waliotolewa, akaanza kutembea. Chacha akamfuata, hana kitu ila glavu. Watu wake walimwita arudi. Hakurudi.

"Shikamoo mama," alisema. "Ni mimi niliyemuua. Kwa hii." Akainua glavu.

Nilifumba macho. Nikasikia kofi. Nilipofumbua, Marwa alikuwa ameshika shavu.

"Umekufa, na unanitazama?"

"Mama, ni mchezo!"

"Maiti gani ana mdomo hivi?"

Mtu alicheka, sijui wa upande gani. Wengine wakafuata. Wakakaa, mapanga chini ya mapaja. Mchezo ukaendelea. Wa tatu alipotolewa nilinyanyua ngumi tu.

Jumapili, 14 Julai
Karasha zinasaga. Leo duara ni zamu ya ng'ambo. Chacha alikuwa akipita kwenda kuchimba, Marwa akamkaribisha chai. Tangu masika watu wa ng'ambo hawaonji kitu huku, wanaogopa sumu. Alikaa ukingoni mwa benchi.

Mama Bhoke akamimina kikombe. Akanywa fundo moja yeye kwanza, akameza, akampa.

Chacha akanywa.