Mwenyekiti wa Mazishi Yetu

Jumapili, Kitengela. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya sukari.

Nimeamka na furaha mbaya. Najua ni mbaya kwa sababu sikutaka kwenda nayo kanisani. Nimebaki nyumbani, nimefua, nimepika chai mara mbili, na kila nikiikumbuka jana nacheka peke yangu. Mikono yangu haina hata lengelenge moja. Ya Mutua imejaa malengelenge, na mimi ndiye niliyempa beleshi.

Wacha nianze mwanzo, maana hasira yangu haitaki kurukwa hatua.

Kwa msiotujua, Saruji Mbichi ni bendi ya punk ya watu watatu. Saitoti anapiga gitaa, Abdi ngoma, mimi napiga kelele. Mchana nauza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni naipigia dunia makelele ya yale niliyovumilia mchana. Mashabiki wetu hujiita Kokoto. Jina hilo aliwapa Mutua, shabiki wetu wa kwanza kabisa, yule aliyetuchapishia fulana wakati hatukuwa na hata wimbo mmoja uliokamilika. Kila onyesho alisimama mbele mpaka sauti imkauke. Tulikuwa tukimwita mtu wa nne.

Mwaka jana mamake Saitoti alifariki. Tulimzika kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mutua alikuja nasi.

Mnajua mazishi ya huku yalivyo. Jeneza likishashuka, vijana wanashika mabeleshi na kwaya inaanza kuimba, na haiachi mpaka udongo uishe. Siku ile udongo ulikuwa na mawe mengi, kwa hivyo wimbo ulikuwa mrefu. Wale kina mama wa kanisa, waliokuwa wakiimba na marehemu kila Jumapili, walirudia kiitikio kimoja cha Kimaasai mpaka sauti zao zikashuka kifuani na kubaki mngurumo tu, na chini yake mabeleshi yakigonga. Nilisikia mwili mzima ukisisimka. Mutua alikuwa na beleshi. Nilimwona, shati limelowa, anachota huku analia.

Tukirudi, tulipofika Isinya, Saitoti alifungua dirisha la gari. Halafu akasema kwamba miaka yote hii tumekuwa tukipiga kelele na hatujawahi kutunga kitu kizito kama kile.

Albamu mpya ilitoka hapo. Tulipunguza kasi. Abdi aliweka matoazi kando akajifunza kupiga kama mtu anayemwaga udongo. Mimi niliacha kupiga mayowe, na haikuwa rahisi, kwa sababu ndani ya mayowe ndimo ninamojificha. Tukawaomba wale kina mama waje waimbe nasi kiitikio kile cha kaburini. Wakaja wakiongozwa na Yeyo Nasieku, yaani Mama Nasieku, dada mdogo wa marehemu, mwanamke anayejua ana sauti nzuri na hangoji mtu amwambie.

Tukaitoa, na Kokoto wakatugeuka.

"Mlianza mkiwa mawe mkaisha mkiwa uji." "Hii ni punk ya kupikia chapati." "Hao mashosho wanalia kama mbuzi ya mnada." Yote hayo niliyasoma nikiwa nyuma ya kaunta na nikayameza. Nimetukanwa na watu wanaojua kutukana kuliko hao. Abdi, ambaye ana adabu kutushinda, aliwajibu kwamba mwanamuziki hukua kama mtu mwingine yeyote. Wakamjibu kwa picha za mishumaa.

Kisha Mutua akaandika. Aliandika marefu: tumejiuza, tunatafuta wafadhili, kesho tutavaa shanga tuimbie watalii hotelini. Na katikati ya maneno hayo akaweka sentensi moja ambayo sasa naijua kwa moyo. "Sijui hizi sauti za kina mama wameziokota wapi."

Hajui.

Alikuwa na beleshi mkononi, na hajui.

Siku mbili hivi baadaye likatoka tangazo la kifo chetu. Picha yetu ya zamani bila rangi, "waliotutoka ghafla", na majina ya kamati ya mazishi: katibu, mweka hazina, na mwenyekiti Mutua. Ibada Jumamosi, kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya kibanda cha nyama choma. Kutakuwa na jeneza, wasifu wa marehemu, na nyimbo za zamani. Watu waliahidi kuja kutoka Rongai na Athi River. Hata wale ambao hawakuwahi kuja kutusikiliza tukiwa hai walitaka kuja kutulilia.

Saitoti hakucheka. Alikuja dukani akasimama kati ya mifuko ya simenti, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakifanya jambo hilo, yeye amemaliza. Mjomba wake amemtafutia kazi Magadi, kwenye kiwanda, na gitaa atauza kabla hajaenda.

"Kumzika mara ya pili siwezi," akasema.

Nikageuka nikamuuzia mteja bomba la inchi isiyofaa, akarudi nalo kesho yake akinifokea.

Hapo ndipo nilipotaka kumuumiza Mutua. Naandika hivyo bila kuzungusha. Sikutaka kumjibu wala kumwelewesha. Nilitaka aumie, na aumie mbele ya watu waliokuwa wakimpigia makofi. Niliwaza wimbo wa kumtukana. Niliwaza kumwaga rangi kwenye jeneza lao. Yote yalikuwa ya kitoto na nikajichukia kwa kukosa hata kisasi cha maana.

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda Kajiado kwa Yeyo Nasieku. Nia yangu ilikuwa kumwomba radhi kabla mtu hajamwonyesha yale maneno ya mbuzi. Nikamkuta jikoni anakata sukuma. Tukasalimiana, takwenya, iko, na kabla sijakaa vizuri akaniambia binti yake ameshamsomea maoni yote, mpaka la mbuzi. Nikamweleza habari ya jeneza. Akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kaburi wamechimba?"

Nikamwambia hapana, Yeyo, ni mchezo tu, wametengeneza sanduku la mbao nyepesi.

"Jeneza iko na kaburi hakuna?" Akaendelea kukata. "Wewe si unauza mabeleshi? Kuja nayo. Sisi tutakuja na uniform."

Nilirudi Kitengela nikiwa mtu mwingine.

Sasa, jana.

Watu walikuwa wengi kuliko onyesho letu la mwisho, na hilo liliniuma, siwezi kudanganya. Jeneza lilikuwa juu ya meza mbili za plastiki, picha yetu imeegemezwa mbele. Nyama ilikuwa motoni. Mutua alikuwa amevaa suti nyeusi na ua jeupe kifuani, anasoma wasifu wetu kwenye maikrofoni: marehemu alizaliwa nyuma ya karakana, akaugua ugonjwa wa kupenda kwaya. Watu walikuwa wanajishika mbavu.

Halafu kina mama wakashuka kwenye gari lao. Sketi za buluu, vitambaa vyeupe kichwani, shanga shingoni. Wakajipanga mistari miwili wakaanza kutembea polepole, vile wanavyotembea karibu kila Jumamosi, maana karibu kila Jumamosi wana mtu wa kuzika. Nyuma yao alikuwa Saitoti, niliyekuwa nimemvuta nusu kwa nguvu, gitaa mgongoni. Kisha Abdi na ngoma moja, akinung'unika kwamba kwao hakuna anayecheza na jeneza, hata likiwa tupu. Kisha mimi, na mabeleshi matatu na sururu, vibandiko vya bei bado viko juu yake.

Kicheko kilianza kufa kutoka nyuma kikaja mbele. Hawa wote wamelelewa na wanawake kama wale. Kofia zikatoka vichwani zenyewe. Kijana mmoja mwenye fulana yenye fuvu la kichwa alisukuma chupa yake ya bia chini ya kiti kwa kisigino.

Yeyo Nasieku alimwendea Mutua moja kwa moja, na Mutua akainamisha kichwa aguswe, kama kijana yeyote wa huku anavyomwinamia mzazi. Aliinama kabla hajafikiri. Akiwa ameinama, maikrofoni ikachukuliwa.

Yeyo alisema familia imefika na inaishukuru kamati. Akauliza kaburi liko wapi. Mutua akajaribu kutabasamu, akasema hakuna kaburi, mama, ilikuwa tu vile.

"Wewe ulitusaidia kuzika dada yangu," Yeyo akasema, na wote wakamsikia kwenye maikrofoni. "Unajua hatuachangi jeneza juu ya ardhi."

Nikampa Mutua beleshi. Nililichagua mwenyewe dukani, lenye mpini ambao haukupigwa msasa vizuri. Nakiri hilo na sijuti.

Angeweza kukataa. Lakini watu wote walikuwa wameinua simu zao, na wale kina mama walikuwa wakimtazama bila kupepesa. Akavua koti.

Udongo mweusi wa Kitengela ukikauka hauna huruma. Walianza na sururu. Abdi akaanza kupiga, taratibu. Saitoti akagusa uzi mmoja akauacha ulie. Halafu kina mama wakaingia, na ulikuwa wimbo wa kwanza kwenye albamu, ule ambao Kokoto waliuita uji. Mutua akawaita kamati wamsaidie, na mweka hazina na katibu wakavua makoti yao pia. Wachache walijaribu kusogea kwenye kibanda, wakaambiwa nyama haikatwi mpaka marehemu azikwe. Yeyo alikuwa ameshapitia kwa mchomaji.

Studio tuliukata wimbo ule ili utoshe. Jana hakuna aliyeukata. Walichimba, wakashusha sanduku, wakaanza kufukia, na kina mama hawakupumzika hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kufukia kaburi anajua huwezi kuchota nje ya wimbo, mwili wenyewe unakataa. Nikatazama ule mstari wa mashabiki wetu wakali: chota, mwaga, chota, mwaga, kwenye mapigo ya Abdi. Halafu nikasikia mtu wa nyuma anaitikia. Halafu mweka hazina. Kiitikio kikashikwa na watu wale wale walioandika habari za mbuzi.

Niliimba nikiwa nimewakodolea macho, mmoja mmoja. Sijawahi kufurahia onyesho namna ile.

Mutua alikuwa wa mwisho. Alikuwa anamwaga udongo, jasho linamtiririka, na mdomo wake ukafunguka ukamwitikia Yeyo mahali penyewe, kwa neno lenyewe la Kimaasai, neno ambalo studio tuliliacha na halimo kwenye albamu. Alilijua kwa sababu aliwahi kuliimba akiwa na beleshi lingine, kwenye kaburi lingine.

Beleshi likabaki hewani. Akageuka akamtazama Saitoti.

Saitoti hakuacha kupiga. Alimtazama vilevile, kwa muda, kisha akamwonyesha kwa kidevu udongo uliobaki.

Mutua akaumaliza wote. Hakuinua uso tena.

Tulikula baadaye. Kamati ndiyo iliyonawisha watu mikono na kugawa nyama, kama kamati zote za mazishi. Yeyo alichukua mbavu za kwanza, akaitisha kachumbari zaidi, akasema nyama ni ngumu, akaitisha tena. Nilipokuwa nawasindikiza kwenye gari nikamuuliza ameonaje mashabiki wetu. Akasema sauti hawana, lakini kuchimba wanajua.

Leo asubuhi Saitoti amenitumia ujumbe. Mazoezi ni Jumanne, na beleshi moja nisiliuze, anataka kujaribu kitu na mlio wake. Habari ya Magadi hakuitaja. Mjomba atamtafutia mtu mwingine hiyo kazi.

Ingefaa niishie hapo, nimeshinda, nikafunge madirisha vumbi lisiingie.

Lakini mchana Mutua ameniandikia. Hakuomba msamaha wala hakujitetea. Ni mstari mmoja.

"Sikujua ni ule wimbo."

Nimeusoma, na anaona kwamba nimeusoma. Nimejaribu kuukasirikia na hasira imekuja nusu. Pengine ni kweli hakujua. Pengine mtu akiwa analia na kuchota hasikii anachoimba, kinamkaa mwilini tu mpaka siku mwili ukitoe. Huruma kidogo ilitaka kuingia hapo nikaifukuza, ikarudi, nikaifukuza tena. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwovu. Sasa nitamfanya nini mtu ambaye hakusikia tu?

Nitamjibu. Labda Jumanne baada ya mazoezi, labda wiki ijayo.

Leo wacha akae nao ule wimbo kichwani, bila kwaya na bila beleshi, autafute mwisho wake. Hauna mwisho. Sisi tuliutunga hivyo.