Mlaze Ukiwa Macho

Jumamosi, 3 Mei

Nimevuliwa nguo mbele za watu. Tena sikuwa hata nimekunywa!

Jana niliachiwa Kiroboto, binti wa mdogo wangu wa kike ninayekaa kwake. Miaka miwili, mbio kama panya. Kagoma kulala mchana. Kabla sijamwacha kwa jirani na kurudi kwenye pampu zangu nikaacha kijikaratasi mezani: "Mtoto arikataa kurara." Haraka, mkono una grisi. Basi leo mumewe, shemeji yangu, mwalimu huyo, mwenye shingo ya kimwalimu hasa, kakitoa mbele ya walimu wenzake watatu waliokuja kunywa chai. Kakizungushia wino mwekundu. Kanipa mbili juu ya kumi! Eti hizo mbili ni za kuandika "mtoto" sawasawa. Yule mnene kacheka mpaka kashika ukuta.

Mimi! Niliyeokoa kiwanda kizima kisizame, bomba la inchi sita nimeliziba kwa kidole gumba, saa tatu nimesimama, mpaka meneja kaniletea kiti kwa mikono yake. Yeye amewahi kuziba nini? Masikio?

Nimemeza. Lakini kuku hamsahau aliyemnyonyoa manyoya wakati wa mvua.

Jumapili, 4 Mei

Silaha imejileta yenyewe.

Kiroboto anaamka usiku mara nne, mara tano. Mdogo wangu macho mekundu. Na Jumatatu ya tarehe 12 anaanza kazi kiwanda cha mikate, zamu ya saa kumi alfajiri. Wiki ya kwanza ni ya majaribio. Chelewa mara moja, kwaheri. Miaka mitatu kaitafuta kazi hiyo. Shemeji kabandika ukutani karatasi ya kliniki ya kumlaza mtoto, lakini mtoto akilia yeye anavuta shuka.

Nikasema mezani, nipeni wiki moja, nitamlaza mpaka asubuhi. Shemeji: "Kwa dawa gani, fundi? Hadithi ya kidole gumba? Hiyo inatulaza sote."

Mdogo wangu naye kacheka. Huyo nimemsamehe. Huyo tu.

Jumanne, 6 Mei

Jana jioni niliibandua ile karatasi nikaisoma chumbani, kidole chini ya kila neno. Hata mashine husomwa hivyo. Muogeshe maji vuguvugu. Zima televisheni. Punguza mwanga. Halafu mstari wa nne — mlaze ukiwa macho. Nikasema hee! Kumbe! Mwalimu anamlaza huku mwenyewe anakoroma. Mtoto akifumbua jicho anaona gunia, kwa nini asilie?

Nikaweka kiti kando ya kitanda. Nikakaa macho kabisa. Saa saba kaamka, kaniona, kagusa goti langu, kalala. Saa kumi hivyo hivyo. Basi!

Alhamisi, 8 Mei

Usiku wa tatu. Hakuamka hata mara moja! Saa mbili mpaka saa kumi na mbili, kimya kama mtungi. Mdogo wangu kaamka anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu ajifungue.

Usingizi wangu naulipia nyuma ya pampu namba mbili, sikio nimelilaza kwenye chuma. Nyapara kanikuta. "Unasikia nini humo, fundi?" Nikamwambia, hatari, lakini bado haijafika. Kaondoka kwa vidole vya miguu, asiniharibie.

Shemeji ananipita kama aliyemeza ndimu nzima. Utamu wake!

Ijumaa, 9 Mei

Mdomo wangu huu. Ungefungwa kwa nati.

Mdogo wangu kaniuliza, kaka, umewezaje? Ningenyamaza! Nikasema nimefuata mstari wa nne, mlaze ukiwa macho, kazi inayomshinda mwalimu. Shemeji kaweka kikombe. Kaileta karatasi. Kasoma kwa sauti ya darasani: "Mlaze AKIWA macho. A, shemeji! Mtoto ndiye awe macho, ajifunze kulala mwenyewe." Chai ikamtoka puani. "Siku nne amekesha kama bundi kwa herufi moja!"

Halafu kaacha kucheka. Eti nimemharibu mtoto, hatalala tena bila bundi wake. Kuanzia leo anamlaza yeye, kisomi.

Mdogo wangu hakucheka. Alisema tu, "Lakini alikuwa analala."

Vema. Mlaze, mwalimu!

Jumamosi, 10 Mei

Jana kamlaza. Kiroboto kaita "Mjomba" mara thelathini na moja. Nilihesabu, mto juu ya kichwa. Mdogo wangu kaja mlangoni: "Kaka, nenda ukae naye." Nikasema aje mumeo. Maneno matatu tu nayataka: shemeji, naomba unisaidie. Kasema, "Mnanichosha nyote wawili," kaondoka.

Leo nimewaaga. Eti nina pampu imekufa mji wa pili, nitarudi Jumatatu. Pampu gani! Nimehamia kwa mlinzi wa gereji, ng'ambo ya barabara. Ana kibanda, redio na benchi. Dirisha la mtoto naliona vizuri. Nataka nimwone anavyoshindwa.

Jumapili, 11 Mei

Jana taa iliwaka mara sita. Mlinzi kauliza, mtoto wenu mgonjwa? Nikasema, baba yake ndiye mgonjwa, ugonjwa wa kujua.

Zamu ya mdogo wangu ni alfajiri hii inayokuja. Saa tisa inabidi awe amesimama.

Saa nne. Taa. Kilio.

Saa tano. Bado. Sauti ya mtoto imekauka sasa.

Saa sita. Mlinzi kazima redio. "Mzee, hatua arobaini tu hizi. Unamkomoa nani?" Mwalimu, nikamwambia. "Mwalimu si anaingia kazini saa mbili asubuhi?" Nikamwambia awashe redio yake.

Saa sita na nusu. Mlango! Ni yeye. Pekupeku, kaptula, Kiroboto begani. Kavuka barabara nusu, kasimama. Kaniona — mjinga mimi, naandika chini ya taa ya gereji! Pampu ya mji wa pili hiyo. Mtoto kanyoosha mikono. Hata kuita hawezi tena, anafungua tu kinywa.

Shemeji anamtazama mtoto. Ananitazama mimi. Mdomo unafunguka, unajifunga. Maneno matatu tu, mwalimu.

Nyuma yake, dirishani, mdogo wangu. Kakaa kitandani. Keshavaa sare ya kiwanda, na kofia, mikono kaiweka magotini. Zamu bado masaa matatu na nusu. Halali tena. Anangoja kukuche tu.

Shemeji hajasema. Mimi sijainuka. Mlinzi anasema, "Mzee." Aanze yeye. Nimesema aanze yeye.

Mdogo wangu kageuza uso huku, kaniona. Naweka kalamu chini.