Bastola ya Mkono wa Kushoto

Toronto, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kabla ya yote nijulishe, magoti yako yanakwendaje na mvua hizi ninazozisikia? Na yule mbuzi mweusi keshazaa au bado anatuzungusha? Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, na lile koti uliloliona pichani ukasema limenimeza, sasa nimelizoea. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanisikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe, na safari hii hiyo nusu ya kujaza ndiyo iliyoleta balaa. Barua anakuja nayo mama mmoja wa Muheza anayekuja kuwaona wazee wake. Mwanaidi atakusomea. Dada, soma taratibu, usiruke mahali, na pakikuchekesha jizuie kwanza mpaka umalize.

Mama, Rajabu kanieleza. Kasema alipokuambia natafuta bastola huku Kanada uliweka ungo chini ukashika kichwa, na Ijumaa yake ukawakusanya kina mama wa mtaani mkaniombea dua nisiipate. Huyo Rajabu namjua tangu utotoni: ukimpa maneno kumi anafikisha mawili, tena yale mabaya. Na mimi nina makosa, kwani nilimwambia huku nacheka, nikadhani binamu yangu ameelewa. Sasa nakueleza mwenyewe, tangu mwanzo, na nakuomba usinikatize.

Bastola yenyewe si ya kumwulia mtu. Ni ya upepo. Unaijaza hewa kama tairi la baiskeli, unatia kipunje kidogo kama choroko, unalenga karatasi yenye miduara iliyotundikwa ukutani hatua kumi na tatu mbele yako. Ni mchezo. Wanaocheza ni wazee wastaafu, walimu, na dada mmoja fundi wa meno. Tunakutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa chini wa jengo moja huku Downsview, si mbali na ghala ninakofanyia kazi.

Utaniuliza imekuwaje nikaingia humo, mimi ambaye hata manati nyumbani nilinyang'anywa. Nitakwambia ukweli, Mama, ingawa sikupenda uujue. Upweke ndio ulionipeleka. Kazini tunapanga maboksi ya vifaa vya mabomba, na kila mtu ana vitu vyake masikioni anasikiliza miziki yake. Mkubwa wa kazi akitaka jambo anaonyesha kwa kidole. Nikitoka nafika chumbani, napika, nakula nikitazama ukuta. Jumatatu moja asubuhi nilimsalimu mlinzi wa getini, sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa. Nikasimama pale nahesabu: mara ya mwisho kutamka neno kwa mtu ilikuwa Ijumaa jioni. Niliogopa, Mama. Niliogopa kweli. Wapo Watanzania wenzetu, sikatai, na niliwahi kwenda kwa familia moja ya mtaa wa Parkdale wakanipa pilau. Lakini wao nao wanakimbizana na zamu, na watoto wao ukiwasalimu wanakujibu Kiingereza huku wanatazama simu. Basi pale tunapofulia nguo, kwenye jengo letu, nikaona tangazo la hao walenga shabaha, kwamba wageni wanakaribishwa. Nikaenda ili nisikie tu watu wakizungumza.

Siku ya kwanza msimamizi wao, mama mmoja mfupi mkali anaitwa Dorota, akanipa bastola ya klabu. Klabu wanazo tano, na zote ni za mkono wa kulia. Mshiko wake umechongwa kufuata kiganja, vidole vina vijumba vyao, huwezi kuigeuza. Na mimi unanijua. Ulinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga mwaka mzima ili nile kwa kulia kama watu, na nakushukuru, nakula kwa kulia, naandika kwa kulia, hata barua hii. Lakini jiwe la kupopolea embe nilikuwa narusha kwa kushoto ukiwa hupo. Kwa kulia nikapiga ukuta, nikapiga dari, nikapiga kila kitu ila karatasi.

Pembeni yangu alikuwepo mzee wa Kihindi, mwembamba, sweta la kijivu. Naye akakosa. Akautazama mkono wake akasema, kwa sauti ndogo tu, Kiswahili safi kama yuko sokoni Korogwe:

"Mkono huu leo una wazimu."

Mama, nilimgeukia mzima mzima. Nikasema shikamoo kabla sijafikiri. Akageuka taratibu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema marahaba, kisha akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Huyo ndiye Mzee Badru. Ni Mwismailia, kazaliwa Tanga, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa palepale Korogwe, karibu na stesheni. Huenda bibi alinunua kaniki kwao. Mkewe alifariki miaka mingi, binti yake yuko mji wa mbali, yeye anakaa peke yake ghorofani huko Thorncliffe Park. Anasema Kiswahili chake alikiweka kabatini kama suti ya harusi, na hakutegemea kama siku moja kingemwenea tena. Naye ni wa kushoto. Mwalimu wake alimchapa rula vidoleni hadi akajifunza kuandika kwa kulia. Yeye bastola yake ni ya kwake, ya mkono wa kushoto, na siku ileile akaniambia tutumie pamoja.

Hapo nikafanya kosa ambalo hawa wenyeji hawakulielewa. Kanuni ya pale ni kwamba bastola haipiti mkononi kwenda mkononi. Ukimaliza unailaza mezani, unarudi nyuma hatua mbili, mwenzio ndipo asogee. Nilielezwa, nikaitikia. Lakini nilipomaliza zamu yangu, pale mbele yangu amesimama mtu wa umri wa baba, nikashindwa kumtupia kitu mezani kama namlisha paka. Nikaishika kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikampa. Naye mzee wa watu akanyoosha mikono yote miwili akapokea, akasema ahsante mwanangu. Dorota alipiga kelele ukumbi mzima ukaganda. Tukawekwa benchi wote wawili majuma mawili, mzee wa miaka sabini na kitu pamoja na mimi, tukitazama wenzetu. Majuma hayo mawili yalikuwa matamu kuliko yote niliyopata nchi hii. Tulipiga soga kuhusu mihogo ya Tanga mpaka fundi wa meno akatuomba tupunguze sauti.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huo. Yeye anapiga tano, analaza mezani, anarudi nyuma. Mimi napiga tano, nalaza, narudi nyuma. Mmoja akipiga mwenzie anasimama nyuma anamkosoa na kumpigia hadithi. Saa mbili kila Jumamosi. Hayo ndiyo maneno yangu ya juma zima.

Sasa njoo kwenye kununua. Nikaona si adabu kumlia mzee vipunje vyake na kumchosha kwa kusubiri, nikasema nitafute yangu. Mama, wewe uliyepanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika enzi za uhaba, ukaambiwa hakuna njoo kesho, ukija kesho hakuna njoo keshokutwa, wewe ndiye utakayenielewa. Za mkono wa kulia zimejaa tele. Ya kushoto picha yake ipo kwenye mtandao wa duka, inang'aa, na chini yake maandishi mekundu: imekwisha. Niliitazama kila siku kwenye basi. Unaweza kuandikisha namba yako, ikifika wanakujulisha. Nikaandikisha. Mara ya kwanza ujumbe uliingia nimebeba boksi. Nilipopata mapumziko, imekwisha. Miezi ikapita. Mara ya pili zilikuja tatu tu, nikaambiwa zimenyakuliwa kabla sijafungua simu. Nikakasirika, nikapanda mabasi mawili kwenye theluji mpaka dukani kwenyewe. Muuzaji kijana mstaarabu sana, akanipa kiti, akatazama kompyuta yake, akasema labda mwezi ujao. Mwezi ujao akasema labda mwezi ujao. Nilirudi nyumbani natukana peke yangu, na hilo nalo naomba msamaha.

Kila Jumamosi Mzee Badru huniuliza, "Imepatikana?" Namjibu, "Bado, Mzee." Anatikisa kichwa, anailaani nchi, kisha anapiga tano zake.

Kisha, siku moja mwanzoni mwa majira haya ya baridi, simu ikalia niko kwenye basi natoka kazini. Imefika. Moja tu. Mama, nilikuwa na kila kilichotakiwa, nimekaa, mikono imepumzika, kilichobaki ni kugusa kitufe. Nikakiwekea kidole, kidole kikakataa. Nikajiona Jumamosi nimesimama meza yangu, yeye meza yake, meza sita katikati yetu kama walivyopangwa wenzetu, kila mtu na chombo chake na kimya chake. Nani atarudi nyuma hatua mbili kumsubiri nani? Nilikaa nikiitazama ile picha vituo vinne. Maandishi mekundu yakarudi. Nikashuka, nikatembea, na sikujuta hata kidogo, ila niliona haya.

Jumamosi akaniuliza. Nikamwambia bado. Ulinifundisha nisiseme uongo kwa mtu mzima, Mama, na huo nilimwambia usoni. Nisamehe.

Juma lililofuata hakuja. Nikapiga simu, kumbe kateleza kwenye barafu mbele ya jengo lake, nyonga imeumia. Haikuvunjika, alhamdulillahi. Nikaenda Jumapili mchana na uji wa ulezi niliopika mwenyewe, usiniulize ulikuwaje. Nilimkuta kitini mbele ya dirisha, amejifunga shuka, mdogo kuliko ninavyomwona ukumbini. Alifurahi kiasi cha kunitia uchungu. Akasema nichukue bastola yake nisikose zoezi, nikamwambia hapana, tutasubiriana. Baadaye akaniomba blanketi la pili, lipo kabati la pale mlangoni kwake, rafu ya juu.

Nikafungua. Nikavuta blanketi, na nyuma yake nikaona boksi. Naijua ile picha, Mama, nimeitazama mwaka na zaidi. Ileile, ya kushoto, nailoni yake haijafunguliwa. Na juu yake kabandika karatasi, kwa mwandiko ule wa mtu aliyefundishwa kwa rula: "Kwa mwanangu Bakari."

Zile tatu zilizonyakuliwa. Yeye anashinda nyumbani na simu mapajani. Aliiwahi moja, akaninunulia mimi, akaandika jina langu, kisha akaiweka nyuma ya blanketi akashindwa kunipa. Na kila Jumamosi akawa ananiuliza imepatikana, na ninapojibu bado, kumbe anapumua.

Nilisimama pale na mlango wa kabati mkononi, machozi yakanitoka, sikufichi. Niliporudi nikamfunika miguu. Akanitazama usoni muda mrefu. Nadhani alikumbuka kilichoko kule juu, kwa sababu aligeuka akatazama kule kabatini. Mimi nikamuuliza kama uji nimeutia sukari ya kutosha. Akasema haukutiwa kabisa. Tukacheka mpaka akashika nyonga.

Jana karudi ukumbini, anatembelea fimbo. Alipiga tano, akailaza mezani, akarudi nyuma hatua zake mbili, pole pole, mimi nikizihesabu moyoni. Nilipokuwa nasogea akasema nyuma ya sikio langu, "Imepatikana?"

Nikamwambia, "Bado, Mzee."

"Basi tuvumilie," akasema.

Salamu zangu zimfikie Mjomba Hamisi na mkewe, na mwambieni ile redio aliyoniagiza nimeikumbuka. Msalimu Bi Zuhura jirani, najua ndiye aliyeongoza dua. Wajukuu zako, watoto wa Mwanaidi, uwabusu wote, na huyo mdogo niliyeambiwa anashika kijiko kwa kushoto, Mama, muacheni. Rajabu mwambieni namsalimu pia, ila habari zangu asizibebe tena bila mzigo kufungwa vizuri.

Na wewe Mama, nilipoanza barua hii nilitaka kukuambia muiache ile dua, kwamba mmeniombea vibaya. Sasa nakuomba muiendeleze. Ombeni nisiipate mwaka huu, wala mwaka kesho. Na mkishamaliza jina langu mlitaje na la Badru, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, karibu na stesheni, aongezewe umri.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,

Bakari