Mjukuu Wangu Amekuwa Bubu Darasani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke mwandiko, mimi na shule tuliachana darasa la tatu na hakuna aliyemlilia mwenzake. Mimi ni fundi viatu, nalea mtoto wa marehemu binti yangu, ana miaka mitano, namwita Bibi Mdogo kwa anavyonigombeza, na tangu tutolewe chumbani kwetu tunalala kwenye baraza la duka la vitambaa, mwenye duka akifunga sisi tunatandika maboksi, basi nilipokwenda kumwandikisha chekechea fomu ikauliza anaishi wapi, nikaandika nyumba yenye geti la bluu ambayo mlinzi wake namshonea mabuti, nikamwonya mtoto, "Ukiulizwa unalala wapi, nyamaza, ukisema watakufukuza," naye hutii siku moja kwa mwaka, akaichagua hiyo, sasa kwangu anaongea mpaka wateja wanasahau viatu, lakini darasani wiki ya tatu hajatoa neno, hata jina lake, juzi wameambiwa wachore kwao akarudisha karatasi nyeupe, mwalimu akaniita, "Babu, huyu mtoto anasikia kweli?" nikamjibu, "Anasikia mno, mwalimu, ndiyo tatizo," akadhani natania, akasema Jumamosi atakuja kutuona nyumbani, na mtoto asipoongea itabidi asubiri mwakani. Mlinzi amekubali tukae uani saa moja, mabosi wamesafiri, koti nimeshaazima, ila Bibi Mdogo kaniuliza, "Babu, hapo nitaruhusiwa kuongea?" nikainamia kiatu nikaendelea kushona, mimi ninayejibu hata nisichoulizwa. Nikisema kweli naogopa watamchukua wampeleke kituo cha watoto, na sina mwingine. Nifanye nini?

Fundi wa Barazani

*

Fundi, pole. Pole hiyo ni ya msiba na ya baraza. Kwa uongo sikupi. Mzee mzima unaazima koti ukacheze mwenye nyumba! Na mlinzi akifukuzwa kazi, utamshonea na hiyo?

Hofu yako naielewa. Lakini ulitaka mtoto apate darasa, ukampeleka huko ukiwa umemfunga mdomo. Mtoto wa chekechea anajifunza kwa kuuliza, kuimba na kubishana. Akinyamaza, amekaa nje hata kama ana kiti.

Jumamosi usiingoje. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu, chukua kadi ya kliniki ya mtoto, useme mnapolala. Mwombe akusindikize kwa afisa ustawi wa jamii, na huko sema wazi unataka hifadhi mkae pamoja. Mwenye duka na wateja wako wakutolee ushahidi wa unavyomlea mtoto. Shule ikikataa kumpokea, omba sababu kwa maandishi, umpelekee huyo afisa. Siwezi kukuapia kwamba yote yatanyooka. Najua tu kwamba mtoto aliyefichwa hakuna anayeweza kumsaidia.

Na Bibi Mdogo uende naye. Mbele ya mwalimu, piga magoti mwenyewe, umwambie mtoto babu alikosea, sasa ruksa kusema analala wapi na nani. Kisha wewe, Fundi, kwa mara moja maishani, nyamaza umsikilize.