Risiti ya Mabati Sabini

Kanombe, Kigali
22 Agosti 1994

Mpenzi Mama Kaze,

Nakusalimu wewe na watoto, na mama mkwe umpe shikamoo yangu. Homa ya Kaze imepungua? Mimi mzima, nimekonda kidogo tu kwa kula chakula nilichopika mwenyewe.

Kaa chini kwanza. Nimepata nyumba! Iko hapa Kanombe, karibu na ghala la uwanja wa ndege nilikopata kazi. Vyumba vitatu, sebule, na chumba kingine cha nje uani. Haina mtu. Niliandika jina langu ukutani kwa mkaa kama wenzangu wote waliorudi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Fikiria, marehemu baba alikaa ukimbizini Tanzania miaka thelathini mpaka akafa akiiota Kigali, leo mwanawe ana nyumba Kigali.

Ila wameivua vibaya. Mabati ya upande mmoja yameng'olewa, milango hamna isipokuwa ule wa chumba cha nje, vioo hamna hata kimoja. Dukani kwako nitolee mabati ya futi kumi, ishirini na manne, milango mitatu na vitasa vyake, vioo kumi na viwili, saruji mifuko kumi. Wenye uzoefu wananiambia ukishaweka bati lako na saruji yako, hakuna wa kukutoa.

Anza kutafuta mtu wa kuchukua duka. Januari mnahamia.

Mumeo,
Baba Kaze


Bukoba
9 Septemba 1994

Baba Kaze,

Barua yako imetukuta wazima. Kaze amepona na anasumbua kama kawaida. Mama anaitikia marahaba, anasema ule.

Mzigo wote ulioagiza nimempa Eustache dereva, atapitia mpaka wa Mutukula kuingia Uganda na kushukia mpaka wa Gatuna. Hesabu mbele yake kabla hajaondoka, mabati yana tabia ya kupungua njiani. Nimetoa mtaji wangu pale, mume wangu, rafu moja nzima imebaki tupu. Bei ya saruji yenyewe imepanda tangu malori yote yaanze kubeba vyakula vya wakimbizi.

Jirani yetu Kellen yuko tayari kulichukua duka, anataka jibu kabla ya Krismasi. Lakini duka hili nimelianza na misumari ya kupima kwenye kopo, siliachii hivi hivi. Kwa hiyo nijibu vizuri. Unaposema nyumba haina mtu, maana yake nini? Alijenga nani? Yuko wapi? Mimi Mhaya wa hapa hapa, mambo yenu siyajui yote, ila sijaona nyumba iliyojijenga.

Mkeo,
Mama Kaze


Kanombe
2 Oktoba 1994

Mpenzi Mama Kaze,

Salamu nyingi kwenu wote. Mzigo umefika kamili, hata kioo kimoja hakikupasuka. Fundi amepaua siku tatu, na mvua ya juzi nimeilalia kavu kabisa. Ubarikiwe mke wangu.

Mwenye nyumba hajulikani. Watu wengi wamekimbilia Zaire, wengine wamekufa. Usijisumbue na hayo.

Nina ombi dogo. Niandikie risiti ya duka yenye muhuri. Andika mabati sabini, saruji mifuko arobaini, milango minane, na vioo ongeza ongeza. Tarehe weka ya mwezi wa nane. Ni mambo ya ofisi ya sekta, kama kata ya huko kwenu, wanapenda karatasi. Na ukipata nafasi nitumie kitasa kimoja zaidi, cha chumba cha nje.

Wabusu watoto.

Mumeo,
Baba Kaze


Bukoba
20 Oktoba 1994

Baba Kaze,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Mabati sabini? Mimi nauza mabati mwaka wa tisa huu. Umeniambia mwenyewe upande mmoja umekula ishirini na manne, kwa hiyo nyumba nzima, pande zote mbili, inameza arobaini na nane. Hayo mengine ishirini na mawili yanafunika nini? Na milango minane kwa nyumba ya vyumba vitatu, hata kama kila mtoto ana wake! Ofisi gani inayopenda karatasi za uongo? Kama unataka kuuza vitu huko ukanionyesha mimi ndiye niliyevileta, sema.

Sasa hilo la kitasa. Nilimuuliza Eustache habari zako, akajikuna kichwa, akasema kuna mwanamke uani kwako, anafua, ana mtoto wa kike. Anasema hakumwitikia hata salamu. Kumbe ndiye wa chumba cha nje? Na mimi ndiye nimnunulie kitasa ajifungie vizuri?

Nimekaa roho juu tangu siku hiyo. Kellen nimemwambia asubiri.

Mama Kaze


Kanombe
6 Novemba 1994

Mama Kaze,

Salamu.

Barua yako imeniuma. Umeolewa na mimi au na maneno ya madereva? Yule ni mama mmoja tu, amekuja, amekaa, atakwenda. Kufua ni kufua. Sijamgusa wala sina haja naye, naapa kwa jina la baba.

Hiyo risiti naihitaji kabla ya mwisho wa Desemba. Wewe ni mke wangu, andika kama nilivyosema, muhuri uonekane. Ikichelewa tutapoteza kila kitu, na mabati yako yatakuwa yamekwenda bure.

Baba Kaze


Bukoba
18 Novemba 1994

Baba Kaze,

Tuko wazima.

Mtu anayekuja akakaa kwenye nyumba isiyo na mtu ana jina. Niambie jina lake na anataka nini. Usiponiambia hakuna risiti, na lori lijalo nitapanda mimi mwenyewe.

Mama Kaze


Kanombe
1 Desemba 1994

Mke wangu Connie,

Nakusalimu kwa heshima zote. Kaze na mdogo wake uwaambie baba anawapenda.

Anaitwa Nyirarukundo. Nyumba ni yake.

Alifika mwezi wa tisa, paa likiwa limeshakwisha, kwa miguu, na binti mmoja. Mumewe na watoto wake wengine watatu waliuawa mwezi wa nne, hata walipozikwa hajui. Aliingia bila kubisha, akapita kila chumba, akaniambia wa kwanza nilimzaa hapa, akaenda chumba kingine, akaniambia wa pili nilimzaa hapa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikaliweka chini, nikampa chumba cha nje. Ndiyo, Connie, nikampa chumba cha nje mwenye nyumba. Mlango upo ila haufungi, na yule mtoto halali mlango ukiwa wazi.

Alikwenda sekta. Mzee wa pale akaamua hivi: nyumba arudishiwe, lakini kwanza anilipe nilichotumia kutengeneza, kwa risiti. Nikileta risiti ya mabati ishirini na manne, watu wa kanisa lake wanaweza kuchanga. Ikiwa sabini, hawataweza. Atachoka, ataondoka mwenyewe. Kuna wenzangu wamefanya hivyo na sasa wamepaka rangi.

Najua unavyoniona. Nami najiona. Lakini shuleni kwenu niliitwa mkimbizi mpaka darasa la saba, kazini mkimbizi, siku ya harusi yetu wajomba zako walisema umeolewa na mkimbizi. Hapa pekee sikuitwa hivyo. Nikitoka kwenye nyumba hii naenda wapi? Tafadhali, niandikie.

Mumeo,
Baba Kaze


Bukoba
14 Desemba 1994

Baba Kaze,

Pole na kazi. Watoto wazima, mama mzima. Mimi nimelia siku mbili, kisha nikafungua duka.

Nilidhani una mwanamke. Heri ungekuwa naye! Ningejua la kufanya, ningekuja nikamng'oa nywele, tukagombana, tukapatana. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Na wajomba zangu walisema vibaya, nilijua wakati ule na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bibi harusi. Nisamehe kwa hilo. Lakini Baba Kaze, mama yako mzazi aliniambia walivyofukuzwa mwaka sitini na moja, jirani akaingia kwao siku ile ile na kuanza kuziba paa lililovuja. Aliniambia hilo paa ndilo lililomtoa machozi kuliko hata moto uliochoma nyumba nyingine. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, ukisikia.

Risiti nimeandika. Mabati ishirini na manne, saruji kumi, milango mitatu, vioo kumi na viwili. Nimeongeza kitasa cha nne, nimekitoa kwenye rafu leo. Muhuri upo, tarehe ni ya siku mzigo ulipotoka. Jina la mnunuzi nimeandika Nyirarukundo wa Kanombe, na chini nimeandika imelipwa yote, kwa hiyo huna cha kumdai. Sikufichi, ni akiba ya miaka mitatu. Lakini ni duka langu na ni kalamu yangu.

Kellen nimemwambia siuzi. Ukitaka kujenga Kigali, tafuta kiwanja kitupu ambacho hata mzee wa sekta anakijua, pima kwa futi, nitumie vipimo vya kweli, tutaanza na chumba kimoja. Tukichukua miaka kumi tuchukue kumi.

Barua hii, risiti na kitasa anavyo Eustache. Nimemwagiza aanze na chumba cha nje, amkabidhi yule mama risiti mkononi na kumsomea mbele ya binti yake, ndipo akupe wewe barua na kitasa. Kwa hiyo ukifika mstari huu yeye ameshajua. Atakuwa amesimama hapo uani anakungoja. Toka nje umpe funguo, zote nne, na usimwambie maneno mengi.

Kesho yake asubuhi lori linageuza kurudi Bukoba. Eustache amekuwekea nafasi mbele.

Mkeo,
Mama Kaze