Ukuta wa Jikoni

Shoga, niko nje na ndala.

Ule ukuta wa jikoni niliouvunja ili sebule ipanuke? Mkaguzi wa majengo kaja leo. Kauona ufa darini, akauliza, "Kibali kiko wapi?" Nikamjibu kwa kiburi, "Kibali cha nini? Ni ndani kwangu."

Ndani kwangu! Mimi na mdomo wangu huu.

Akasema, "Dada, ukuta huo ndio uliobeba ghorofa. Ungeomba kibali ungeambiwa. Tokeni wote, sasa hivi!"

Wote, shoga. Mama mkwe tumemshusha na godoro lake.

Hata hajanigombeza. Kasema tu, "Si nilikwambia tangu Jumatatu sakafu ya chumba changu inalia?"

Alinambia. Nikamjibu, "Mama, hayo ni masikio ya uzee."