Namba ya Laptopu Iliyokufa

Mpendwa Bi Wema, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba kwanza unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote tatu nimeichana.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, ni karani wa kompyuta katika ofisi ya kampuni moja ya kutafuta madini hapa Geita, kazi niliyoipata mwaka jana, 1998, kwa kusema kwenye usaili kwamba nilimaliza kozi ya kompyuta ya miezi sita kule Mwanza, na ukweli ni kwamba niliishia mwezi wa tatu kwa sababu mama aliugua nikarudi kumuuguza, lakini cheti hawakukidai na mimi sikuwakumbusha, na tangu siku hiyo kila mtu ofisini ananiita mtaalamu.

Ofisini kwetu kompyuta zimeunganishwa kwa waya na mashine moja kuu, na humo ndimo yanamowekwa majibu ya sampuli za mawe, yaani kila shimo lililochorongwa limeonyesha dhahabu kiasi gani, na hayo majibu ni siri kubwa, Bi Wema, unajua huku kwetu neno moja likivuja kwamba mahali fulani pana kitu, kesho asubuhi watu mia tano wako pale na sururu. Kwa hiyo mashine kuu haimpokei kila anayebisha hodi. Kila laptopu ina kadi ya kuchomekea waya, na kila kadi imetoka kiwandani na namba yake, tarakimu na herufi kumi na mbili, na mashine kuu ina orodha ya namba inazozijua, na ambaye namba yake haimo hapiti.

Sasa mwezi wa nne laptopu yangu ya zamani ilipelekwa kambi yetu ya upande wa Bulyanhulu ikafia huko kwa vumbi, mimi nikaletewa mpya, nzuri, nyepesi, lakini namba yake haimo kwenye orodha, na ili iingizwe lazima meneja aandike Dar es Salaam na kusubiri mwezi mzima, na meneja akaniambia mbele ya watu, "Wewe ndiye mtaalamu, mimi nataka ripoti Ijumaa." Niliona aibu kusema sijui. Nikakumbuka mwalimu wetu wa Mwanza alitudokeza kwamba ndani ya mipangilio ya kadi kuna kisanduku, ukiandika humo namba nyingine laptopu inajitambulisha kwa namba hiyo badala ya ile iliyozaliwa nayo, na akatuonya kwamba hilo si jambo la kuchezea. Mimi nikalichezea. Nikamwita kwa simu ya upepo mzee Bujiku, mtunza ghala wa kule kambini, nikamwomba aipindue laptopu iliyokufa anisomee namba iliyobandikwa chini. "Mwangaluka, mayu, andika polepole," akasema, akitanguliza salamu ya Kisukuma, akaanza kunisomea moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, sifuri, sifuri, be, che, de, na mimi naandika huku simu inakoroma, mpaka ile ya mwisho kabisa, tatu na A.

Hata hivyo laptopu mpya ilinisumbua siku mbili, kwanza niliandika namba na vistari vyake katikati kama inavyobandikwa, ikakataa, nikaondoa vistari ikakubali, kisha nikawa nikifunga kifuniko ikalala, nikikifungua inarudia namba yake ya kuzaliwa na mashine kuu inanifukuza, mpaka nikagundua kwamba ni lazima niizime kabisa na kuiwasha upya. Ijumaa ripoti ikatoka. Meneja akanipa mkono.

Bi Wema, hapa ndipo yalipo maumivu yangu. Kuna karani wa sampuli, Cornel, sisi tunamwita Baba Esta, mtu wa miaka arobaini na kitu, na nilipofika Geita sina ndugu wala rafiki ni yeye na mkewe walionipokea kwao Kalangalala, nililala kitanda kimoja na binti yao Esta kwa miezi minne, na mpaka leo Mama Esta akipika michembe ya viazi vikavu hunifungia yangu. Tangu niliposhika ile namba, laptopu ya Baba Esta ikaanza kukatika katikati ya kazi. Akawa ananiita, "Mwanangu, hebu nitazamie," na mimi nainama nagusagusa waya, nasema labda ni panya. Baada ya wiki nikaona kwamba inakatika kila ninapowasha yangu. Nikajiambia ni bahati mbaya tu.

Mwezi huu wachimbaji wadogo wamevamia eneo letu moja lenye majibu mazuri, wamefungua maduara, yale mashimo yao, usiku na mchana, na meneja akataka kujua siri imetokea wapi, akachapisha karatasi kutoka kwenye mashine kuu, na karatasi inasema kwamba Jumapili mbili mfululizo, saa nne asubuhi, laptopu ya Baba Esta ilifungua majibu ya eneo lile. Jumapili saa nne Baba Esta anaimba kwaya kanisani, watu mia wanamwona, kwa hiyo sasa wanasema alimwachia mtu ufunguo. Wamemsimamisha kazi, kikao ni Jumatatu ya tarehe 28, na baada ya hapo wanamkabidhi polisi. Meneja alituuliza nani alikuwepo ofisini Jumapili. Aliyekuwepo ni mimi, nilikuwa namalizia ripoti, na nilifungua majibu yale kwa kazi halali. Nikatazama chini.

Lakini Bi Wema, naapa, mimi natumia namba ya laptopu iliyokufa, ambayo si ya mtu, si namba ya Baba Esta! Kwa hiyo pengine kweli kuna mwingine aliyeingia. Nikisema nilikuwepo wataniuliza nilipitaje na laptopu isiyo kwenye orodha, na kazi itakwenda, na mama yangu dawa zake ni mimi. Kama si mimi, kwa nini nijichongee? Na kama ni mimi, imekuwaje? Sili, silali. Nishauri.

Mwenye Mashaka, Geita.

BI WEMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe nisome mpaka mwisho, hata pale patakapouma.

Umeniuliza imekuwaje, na nitaanza hapo, kwa sababu naona ndiko ulikojificha. Wasomaji wangu wengi wananijua kwa mambo ya ndoa na mashemeji, hawajui kwamba kabla ya gazeti nilikaa miaka kumi na sita kwenye simu ya upepo ya kiwanda cha pamba hapa Shinyanga. Namba za malori, namba za vipuri, majina ya watu waliofariki, vyote vilipita sikioni mwangu. Barua yako nilipofika kwa mzee Bujiku niliiweka chini nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Mzee Bujiku alisoma Kiswahili. Be, che, de, wewe mwenyewe umesema. Wewe kompyuta umeisomea kwa Kiingereza. Che haikukupoteza, maana Kiingereza hakina che. Lakini herufi E mtoto wa darasa la kwanza anaisoma vipi? Anasema "e". Na mwenye masikio ya Kiingereza, simu inakoroma, akisikia "e" anaandika nini? Anaandika A. Mimi kosa hilo lilinipeleka mbele ya mkuu wangu mwaka 1974, lori la vipuri likaenda Kahama badala ya Tabora, na tangu hapo nikawa sikubali herufi bila mfano wake: e ya embe, a ya asali. Bujiku alikusomea tatu na e ya embe. Wewe ukaandika tatu na a ya asali. Hukuchukua namba ya maiti, mwanangu. Umechukua ya mtu aliye hai.

Ya nani? Sikutaka kubahatisha, nikaenda dukani kwa Sameer, kijana anayetengeneza kompyuta hapa mjini, nikamsomea barua bila majina. Hakufikiri hata dakika. Aliuliza kama laptopu za zamani za ofisi hiyo zilinunuliwa pamoja, maana zikitoka boksi moja kadi zake huwa na namba zinazofuatana, 3A, 3B, 3C, mpaka 3E. Akasema pia mashine mbili zikijibu namba moja kwenye waya mmoja, ujumbe wa huyu unakwenda kwa yule na zote zinababaika, na ya zamani ndiyo inayoanguka kwanza. Mashine kuu haina macho ya kuona sura. Inaandika namba tu. Kila ulichofungua Jumapili, imemwandikia Baba Esta.

Basi ile "pengine kuna mwingine" ikunje uiweke pembeni. Hakuna mwingine.

Sasa nikugombeze kidogo. Kozi ya nusu haikunikasirisha. Uliiacha kwa kumuuguza mzazi, na vistari na kifuniko umevigundua kwa akili yako mwenyewe, wengi wenye vyeti wangeshindwa. Namba nayo uliikosea kwa sikio, na sikio halina nia mbaya. Kilichonikasirisha ni panya. Mtu aliyekupa kitanda cha mwanawe anakuita umsaidie, unainama chini ya meza yake, unajua moyoni kwamba ukiwasha yako ya kwake inazima, unamwambia panya! Halafu jioni unakula michembe ya mkewe. Hapo hapana herufi iliyokosewa.

Unaogopa kazi itakwenda. Inaweza kwenda, sitakudanganya. Mama yako na dawa zake nimemfikiria pia, na sina jibu tamu. Lakini pima mwenyewe: wewe utapoteza kazi kwa kosa ulilofanya, Baba Esta atakwenda rumande kwa kosa ambalo halipo. Na huko mitaani ataitwa aliyeuza eneo, na unajua jina hilo huku kwetu haliishi hata mtu akihama.

Fanya hivi. Leo hii usiiwashe tena laptopu hiyo kwenye waya wa ofisi, na usikifute kile kisanduku, kiache kilivyo, kwa sababu ndicho ushahidi wake. Mwite tena mzee Bujiku kwa simu ya upepo, arudie ile namba kwa mfano wa kila herufi, na muombe aiandike kwenye karatasi aisaini. Kisha mwendee meneja kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Mwambie Jumapili zote mbili ulikuwepo ofisini wewe. Mwambie azilete laptopu mbili mezani, awashe ya Baba Esta kwanza aone inafanya kazi, halafu uwashe yako. Itakatika mbele ya macho yake, na hilo litamwambia zaidi ya maneno yako yote. Akishaona, futa kile kisanduku, zima kabisa, washa upya, na laptopu ibaki na namba yake ya kuzaliwa mpaka Dar es Salaam wajibu, hata kama ni mwezi mzima. Akikuuliza kwa nini hukusubiri tangu mwanzo, sema "Niliona aibu." Usiongeze neno.

Na siri ya lile eneo imetokaje? Hiyo si kazi yako kuitafuta. Wachorongaji wana macho na wapishi wa kambi wana masikio, waache wenye kazi yao waulize.

Lakini kabla ya meneja kuna nyumba moja ya Kalangalala. Baba Esta asiyasikie haya kikaoni, wala kwa meneja. Ayasikie kwako, umekaa chini, Mama Esta akiwepo. Usimpelekee zawadi. Usimweleze mambo ya kadi na waya kwanza ukadhani umekiri. Anza na Jumapili, kisha panya, kisha namba. Akinyamaza, kaa. Akikufukuza, toka, na bado Ijumaa asubuhi uende kwa meneja.

Nakala ya jibu hili nimeituma kwa basi kwa anuani uliyonipa, utaipata Jumatano. Gazeti lenyewe linafika Geita Ijumaa mchana. Majina nimeyabadili yote, hata la mtoto. Ile A na ile E sikuweza kuzibadili, kwa sababu bila hizo mambo haya hayaeleweki. Baba Esta sasa yuko nyumbani hana kazi, na mtu aliyesimamishwa kazi husoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo. Namba anayotuhumiwa nayo anaijua kwa moyo.

Nenda Alhamisi.